Usiku Niliopewa Pole

Mimi napenda rege. Nasema mwanzo ili mtu asidhani nilifika kule uwanjani Thika kwa kupotea njia. Nina miaka sabini na kitu, magoti yamekwisha, na kila Jumapili asubuhi niko kanisani kiti cha tatu kutoka mbele. Jioni yake nafungulia rege kwa redio. Kuna siku kina mama watatu wa kanisa walinijia, wamejifunga vitambaa kama watu wanaoenda mazishi, wakaniambia ule ni muziki wa wavuta bangi. Niliwaambia wimbo hauvuti kitu, anayevuta ni mtu. Nikawapa chai, wakanywa, wakaenda. Hawajarudi na hilo neno.

Lakini hiyo rege sikuitafuta mimi. Iliachwa kwangu na kijana wangu wa pili.

Kwetu Wakikuyu kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya bwana, na wa pili jina la baba ya mama. Kwa hivyo wa pili alikuwa ni baba yangu. Sikumwita jina. Nilimwita Baba tangu akiwa wa mgongoni, na majirani walikuwa wakicheka wakinisikia, Baba kuja unyonye, Baba umekojoa tena. Mtoto mwenye jina la baba yako humchapi ovyo. Unainua mkono, unakumbuka ni nani, mkono unashuka. Kaka yake alikula fimbo zake na za mwenzake. Huyo kaka yake alienda Nakuru na bibi yake, anapiga simu Krismasi, na si yeye ninayemsimulia hapa.

Baba alikua akaingia kazi ya mawe, kule machimboni nyuma ya Kimbo, mtaa wetu wa Ruiru, wanakochonga mawe ya nyumba. Jiwe lilimponda kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kikabaki nusu. Jioni akirudi alikuwa vumbi jeupe mpaka kope, na kitu cha kwanza hakikuwa maji wala chakula, ilikuwa kaseti. Mabati ya nyumba yalitetemeka na sufuria zikajibu. Nilipiga kelele mpaka nikachoka. Halafu akaanza kufuga nywele. Nilipomuuliza ni za nini akaniambia, "Si baba yako alikuwa nazo."

Hapo alinikamata, kwa sababu ni kweli. Baba yangu mzazi alitoka msituni wakati wa vita vya uhuru na nywele za kugusa mabega, na kwenye kambi walimshika watu wanne wakamnyoa kwa kipande cha chupa. Kupigwa kwake hakuwahi kutuhadithia. Kunyolewa alituhadithia mpaka akafa. Alisema mtu akikupiga amekupiga tu, lakini akikunyoa kwa nguvu amekwambia wewe ni kondoo wake.

Nilikuwa najua haya yote, na bado nilifanya nilichofanya.

Ilikuwa miaka ile ambayo, upande huu wetu wa Ruiru na Thika, kijana wa nywele ndefu alihesabiwa ni wa kile kikundi cha viapo kilichokuwa kinaogopwa. Hakuna aliyekuuliza kama wewe unapenda muziki ama umekula kiapo. Nywele zilitosha. Wawili wa hapa Kimbo walichukuliwa na polisi jioni, asubuhi wakapatikana wamekufa ndani ya shamba la kahawa. Mmoja nilimjua tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Nilimwomba Baba anyoe. Nilimwomba kwa adabu, kama mtu anayeongea na baba yake. Akakataa. Alikuwa na mtoto msichana wa miezi minne, na mama ya mtoto alikuwa ameshatuachia na kwenda zake. Nikamwambia, basi fikiria huyu. Akasema anamfikiria, ndiyo maana hataki alelewe na mwoga.

Siku moja alitoka kwa mawe na homa, akalala mchana kama gunia. Mimi nilikuwa kibarua kwa mashamba ya kahawa, na makasi yangu ya kupogoa yalikuwa yameegemea mlango. Makasi ya kushonea hayawezi dredi ya miaka saba. Ya kahawa yanaweza. Nilikata upande wote wa kushoto kabla hajaamka. Alipoamka hakunisukuma. Alijigusa kichwa, akaziangalia zile zilizolala kwa blanketi, akakaa kitako, akanigeuzia upande wa kulia.

"Maliza," akasema. "Usiniache nusu."

Nikamaliza. Nilimkata ngozi mara mbili tatu, lakini nilimaliza. Asubuhi hapakuwa na mtu kitandani. Alibeba koti na viatu vya kazi. Mtoto alimwacha, redio akaiacha, na kaseti ndani ya katoni.

Nilimtafuta. Nilienda jela za Nairobi na mochari za Nairobi. Nilienda Naivasha kwa mashamba ya maua kwa sababu mtu alisema ameona mtu. Nilienda Mombasa, mimi niliyekuwa sijui hata bahari inanuka vipi, nikarudi siku ya pili. Nilidhani mtu aliyeumizwa na mama yake huenda mbali, kwa hivyo nikatafuta mbali.

Zile kaseti sikuzigusa mwaka mzima. Halafu mtoto akawa halali, akilia mpaka analegea, na usiku mmoja nikaweka moja ili nisimsikie. Mtoto akalala. Kesho yake pia. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa rege, nikiwa na mtoto begani, nikitembea kutoka mlango mpaka dirisha, na lile gitaa la besi likinionyesha pa kuweka mguu. Kiingereza sikijui, niliacha shule darasa la tatu. Lakini nilianza kujua huyu anaomba na huyu analaumu, huyu anatania na huyu amefiwa. Nikajua pia ni ipi ya uongo. Rege ya uongo inakimbia. Ile ya kweli inakungoja ufike.

Kaseti zilipokatika zote nikahamia redio. Jumapili jioni kuna kipindi, na watu hutuma salamu. Nilikuwa natuma kila wiki, kwanza kwa kadi, baadaye kwa simu, mjukuu akiniandikia: salamu kwa Baba popote alipo, kutoka kwa binti yake. Mtangazaji alidhani ni msichana mdogo, akawa ananiita kasupuu ka Kimbo, yaani kisichana kirembo. Sikumrekebisha. Nilijua Baba akisikia, yeye hatadhani ni mtoto wake. Atajua ni mimi.

Miaka kumi na minane ikapita hivyo. Yule mtoto sasa ni msichana mkubwa, ana kazi kwa saluni huko Wendani, anasokota dredi za wanafunzi wa chuo kikuu. Ndiyo, dredi. Kazi hiyo aliichagua mwenyewe, na hadithi ya makasi aliambiwa na majirani kabla sijamwambia mimi.

Yeye ndiye aliyeleta habari. Kuna mwimbaji mmoja mzee wa Jamaika, ambaye Baba alikuwa na kaseti zake nne. Huyo alikuwa anakuja, na si Nairobi, hapa Thika. Nilikuwa nachambua maharagwe na niliacha. Kwa sababu Baba aliapa mbele yangu, na ndugu yake akisikia, kwamba huyu mzee akikanyaga Kenya hata kama ni Lodwar, yeye atakuwa mbele kabisa, mahali pa kumwona meno. Watu huapa mambo mengi, lakini yeye hakuwa mtu wa kuapa.

Nilitaka kitu kimoja. Sikutaka arudi. Nilitaka nimwone kwa macho, akiwa na nywele ama hana, na nimwambie nilikosa. Hata kama angenipa mgongo baada ya hapo, sawa. Magoti haya hayana miaka mingi ya kungoja.

Mjukuu alininunulia tikiti, lakini aliniambia wazi.

"Shosho, mimi naenda kusikiza muziki. Wewe unaenda kutafuta mtu. Usinichanganyie hizo vitu mbili."

Nikamwambia sawa.

Tulifika uwanjani jua likiwa bado liko. Nilikuwa nimebeba kigoda changu, shuka ya Kimaasai, na chupa ya uji. Kijana wa mlangoni alifungua kikapu akacheka.

"Shosh, hii si kesha ya maombi."

"Kesha ni kesha," nikamwambia. "Kigoda kinaingia ama unanibeba wewe mgongoni mpaka asubuhi?"

Walio nyuma wakacheka, mmoja akasema huyu mwacheni, huyu ndiye rasta mwenyewe. Kigoda kikaingia. Uji waliumwaga.

Sikukaa kwa hicho kigoda. Nilimwacha mjukuu na wenzake wa saluni nikaanza kuzunguka. Nilikuwa nimefikiria nyumbani nitamtambua vipi, nikaona uso unaweza kubadilika, nywele zinaweza kuwa zozote, lakini kidole hakioti. Kwa hivyo niliangalia mikono ya kushoto. Nilipita mstari kwa mstari, nikiangalia mikono iliyoshika simu, iliyoshika soda, iliyoshika viuno vya wasichana. Wakati bendi za kwanza zilianza na watu wakainua mikono juu, nilishukuru, kwa sababu ilikuwa rahisi kuhesabu vidole. Kijana mmoja akaniuliza, "Shosho umeangusha pete?" Nikamwambia niliangusha, zamani. Akainama kunisaidia kutafuta kwenye nyasi, maskini, na taa ya simu yake. Ilibidi nimvute shati ainuke.

Sikujua kuna migongo mingi hivyo duniani inayofanana na ya Baba. Nilishika mabega ya watu. Wanne, watano. Kila mmoja aligeuka na uso wa mtu mwingine na kuniamkia kwa heshima.

Muziki wenyewe wa zile bendi ulikuwa hivi hivi. Kulikuwa na wavulana wa hapa Ruiru ambao mpiga ngoma wao alikimbia kana kwamba ana mtu anamdai mbele. Msichana mmoja aliimba vizuri, nikasimama kumsikiza wimbo mzima, kisha nikakumbuka nimekuja kufanya nini.

Giza lilikuwa limeingia nilipofika upande wa ua, mahali pa wauzaji. Kulikuwa na mzee wa rasta, ndevu nyeupe, amekaa chini kwa mkeka na kofia za kufuma na shanga mbele yake. Hakuwa anaita mteja. Alikaa kama mtu aliye kwake. Nikaona huyu ndiye wa kuulizwa. Nilimwamkia, nikamwuliza kama ni mtu wa Thika. Akasema ni wa Thika tangu barabara ikiwa ya njia mbili. Nikamwambia namtafuta mmoja wa zamani, wa Ruiru, mchonga mawe, kidole cha mwisho cha kushoto ni nusu, akiimba anafunga macho.

Hakufikiria hata kidogo.

"Yule wa mawe," akasema. "Yule aliyefiwa na mama."

Yeye aliendelea kupanga kofia zake huku akiongea. Akanieleza kwamba huyo kijana aliwafikia hapo Makongeni, walikokuwa wakikaa yeye na wenzake, asubuhi moja akiwa kwa miguu, kichwa kimenyolewa vibaya, kina vidonda. Rasta kunyolewa si jambo dogo, wakashtuka, wakamuuliza ni nani amemfanyia hivyo. Akawaambia hakufanyiwa na mtu. Mama yake amekufa, amemzika, ndiyo akanyoa.

"Tukanyamaza," yule mzee akasema. "Mtu akinyoa kwa ajili ya mama yake, humuulizi zaidi."

Hiyo ni desturi yetu ya zamani, mzazi akizikwa watoto wananyolewa. Siku hizi wachache wanafuata. Mimi niliifuata. Bwana yangu alipokufa niliwakalisha vijana wangu wote wawili nyuma ya nyumba, Baba akiwa na miaka tisa, nikawanyoa kwa wembe na maji ya sabuni. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia nywele ulizokuwa nazo mzazi akiwa hai hazifai kukaa na wewe akiwa chini. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kwa hivyo alipotoka kwangu na kile kichwa, hakuhitaji kutunga sana.

Yule mzee akasema walimkalia matanga siku nne. Hawakupiga ngoma kubwa, walimwimbia kwa midomo tu, usiku, wakamwachia uji karibu. Alilia siku ya tatu.

Makongeni. Kutoka kwangu Kimbo ni kitendo cha chai kuchemka na kupoa. Siku hizo nne mimi nilikuwa kwa foleni ya mochari Nairobi, nikifunuliwa watoto wa watu.

Ndipo mzee akainua macho akaniuliza, "Na wewe mama, ni nani wake?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Lakini niliona nikilisema, kijana wangu anakuwa mwongo mbele ya watu waliokaa chini siku nne wakalia naye. Nilikuwa nimeshamkata mara moja.

"Mimi ni tata yake," nikasema. "Dada mdogo wa mama yake."

Alinyanyuka nusu akanipa mkono kwa mikono miwili. Nikamwuliza yuko wapi sasa. Akasema alikaa nao miezi mitano akibeba mchanga, kisha akapanda lori la kwenda Busia. Wakasikia yuko Uganda, wakasikia amevuka Sudan na watu wa kujenga. Halafu hawakusikia tena. Ni kama miaka kumi na mbili sasa. Nikamwuliza, hata leo, kwa huyu mwimbaji, hawezi kuja? Yeye akatikisa kichwa, akacheka kwa upole kama mtu anamwonea mtoto huruma.

"Tata, yule aliacha rege. Tulikuwa tukiweka muziki anatoka anasimama barabarani mpaka tumalize, hata mvua ikinyesha. Alisema hiyo ngoma ameiacha kwao."

Basi. Jumapili zote zile nilikuwa naongea na redio.

Nikamwuliza la mwisho, kama aliwahi kutaja mtoto. Akafikiria, hili kweli alilifikiria, akavuta ndevu. Akasema hapana, hakutaja mtoto. Alisema hana mtu.

Nikamwambia akionekana siku yoyote, aambiwe tata yake alimuulizia. Mimi sina dada. Nilizaliwa peke yangu katikati ya wavulana, na Baba anajua hivyo. Akisikia ana tata, atajua ni nani. Yule mzee akasema atamwambia, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba nisikae nikingoja.

Nilirudi nikakaa kwa kigoda. Mjukuu alikuja na chai ya vikombe vya karatasi na mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama, wa motomoto, umekatwakatwa kwa gazeti. Alinitazama.

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Nilikwambia, Shosho," akasema, lakini si kwa ukali. Akaniwekea kipande cha mutura mkononi, nikakishika mpaka kikapoa.

Yule mzee wa Jamaika alipanda jukwaani usiku mkubwa. Ni mzee kweli, labda wa rika langu. Alisaidiwa ngazi na vijana wawili, akaletewa stuli ndefu, akakaa. Alikohoa kwa kipaza sauti na uwanja mzima ukapiga kelele kama ameimba. Sauti ilikuwa imekwisha. Alikuwa anaanza mstari, watu wanamalizia, naye anaelekeza sikio kama anasikia wimbo wa mtu mwingine. Lakini besi ilikuwa ile ile. Ilinipiga hapa kifuani, na mjukuu akanishika kiwiko akanisogeza mbele, watu wakatupisha kwa sababu ya uzee wangu, shosho anapita, pisha shosho, mpaka tukafika kwenye vyuma vya mbele kabisa. Meno ya yule mwimbaji niliyaona. Mawili ni ya dhahabu.

Akaanza ule wimbo. Sitautaja, hauna haja. Ule wa kurudi kutoka kwa mawe, uliokuwa unafanya sufuria zijibu. Nikaimba. Maneno yote ninayo kichwani, mwanzo mpaka mwisho, bila kujua yanasema nini. Vijana walinigeukia na simu zao, wakinimulika, mmoja anasema cheki shosho, shosho anajua yote. Mjukuu alikuwa anaruka kando yangu, uso umefunguka, sijawahi kumwona hivyo tangu azaliwe. Niliimba na nikawa nafikiria kwamba nimesimama mahali alipoapa kusimama yeye, na mama yake amelazwa chini miaka kumi na minane, na aliyelazwa chini anaimba. Sikulia. Sina machozi ya mbele ya watu.

Wimbo ulipoisha nilihisi mtu ananigusa bega. Ni yule muuza kofia. Alikuwa na wenzake wawili, wazee kama yeye, mmoja anatembea na mkongojo. Walikuwa wamepita katikati ya umati wote huo kututafuta. Nilitaka kumtuma mjukuu anunue kitu, chochote, lakini nilichelewa. Wale wazee watatu walivua kofia zao, nywele zikaanguka mpaka kiunoni, nyeupe, na wakasimama mstari mmoja kama watu wamefika nyumba ya msiba.

"Tata," yule wa mkongojo akasema, "tumeambiwa ni wewe. Pole kwa dada yako. Hatukupata kuja kumzika. Kijana alituambia aliondoka usingizini, hakusikia kitu. Tulimkalia matanga hapo Makongeni, lakini wewe hatukukupa mkono."

Nikampa mkono. Nikampa na wa pili na wa tatu. Nikasema asante. Hakuna kitu kingine cha kusema ukipewa pole, unasema asante.

Mjukuu alikuwa ameacha kuruka. Aliwaangalia, akaniangalia. Yeye anajua sina dada. Anajua ni nani alikuwa amelala na ni nani alikuwa na makasi. Niliona linamfikia polepole, nikaona limefika. Mzee wa mkongojo akamgeukia akauliza, "Na huyu? Ni mjukuu wa marehemu?"

Nilifungua mdomo. Mjukuu akatangulia.

"Ndiyo," akasema. "Ndiye alinilea. Alikuwa mkali sana, lakini alinilea."

"Pole, mtoto."

"Nishapoa," akasema.

Walivaa kofia zao wakarudi kwa mikeka yao, wakipishwa na watu. Jukwaani yule mwimbaji alikuwa ameanza wimbo mwingine, ambao siujui, labda ni wa baada ya zile kaseti. Mjukuu aliingiza mikono ndani ya koti. Kisha akauliza, bila kunitazama, Makongeni iko wapi kutoka hapa. Nikamwonyesha kwa mdomo. Taa zake zilikuwa zinaonekana juu ya ua, nyingi, za njano, karibu.

Tukaziangalia. Halafu watu wakaanza kutoka na sisi tukatoka nao, polepole kwa sababu ya magoti yangu. Alinibebea kigoda. Mkono hakunishika, na mimi sikuutafuta wake.